Oili ya Giaboksi kwa Pikapu Iliyotembea Sana

Ukiipeleka gereji Hilux ya otomatiki iliyotembea kilomita 280,000 na kusema unataka kubadilisha oili ya giaboksi, kuna fundi atakayekuzuia kabla hujamaliza sentensi. "Mzee, kama haijawahi kuguswa, usiiguse. Ukiweka oili mpya tu, hiyo giaboksi imekwisha." Fundi huyu si mwongo. Ameona pikapu zikiingia gereji zikitembea, zikabadilishiwa oili, na wiki mbili baadaye zikarudi zimefungwa kamba nyuma ya gari jingine. Amejifunza kwa macho yake, na ushauri wake unatokana na huruma.

Sura hii inapingana naye, lakini kwanza inakubali alichokiona. Giaboksi hufa kweli baada ya kubadilishwa oili. Swali ni nini kilichoiua, na jibu lake ndilo linaloamua kama wewe mwenye pikapu kuukuu utaendelea kuitumia miaka mitano mingine au utaanza kuulizia bei ya giaboksi ya mtumba.

Tuanze na kazi ya oili yenyewe, maana kwenye giaboksi ya otomatiki haifanani kabisa na kazi ya oili ya injini. Injini inahitaji ulainishaji na kupoozwa. Giaboksi ya otomatiki inahitaji hayo yote, halafu inaongeza mengine matatu. Oili ndiyo inayopokea nguvu kutoka kwenye injini: ndani ya toki konvata kuna mapangaboi mawili yanayotazamana, moja limeungwa na injini na jingine na giaboksi, na kinacholisukuma la pili ni oili inayorushwa na la kwanza. Oili hiyo hiyo, ikiwa na presha, ndiyo inayopita kwenye vijia vyembamba vya valvu na kuamua gia gani ishike saa ngapi. Na ni oili hiyo hiyo inayolowesha klachi za ndani, ambazo ni sahani za chuma zinazopishana na sahani zilizobandikwa karatasi maalumu ya msuguano. Hapo inatakiwa iwe na utelezi wa kutosha ili chuma kisilane, na wakati huohuo iwe na mshiko wa kutosha ili klachi isiteleze. Kuvipata vitu hivyo viwili katika kimiminika kimoja ni kazi ngumu ya kemia.

Ugumu huo una historia. General Motors walianza kuuza giaboksi ya Hydra-Matic kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na mwaka 1949 wakatoa kiwango cha kwanza cha oili yake, kilichoitwa Type A. Kwa miaka mingi kiungo kimoja muhimu kilitoka kwenye kichwa cha nyangumi, kwa sababu mafuta ya nyangumi yalistahimili joto na kuzipa klachi mshiko laini ambao mafuta ya petroli peke yake hayakuweza kuutoa. Marekani ilipowaweka nyangumi hao kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka mwaka 1970, wakemia walilazimika kutafuta mbadala. Moja ya michanganyiko ya mwanzo ya Dexron II, kiwango cha baadaye cha General Motors, ilifanya kazi ndani ya giaboksi lakini ikawa inakula lehemu za kula, yaani kile kipozeo cha oili kilichomo ndani ya rejeta, hadi ikabidi ifanyiwe marekebisho katikati ya miaka ya 1970. Nalitaja hili kwa sababu moja: oili ya giaboksi si mafuta mekundu tu. Ukigusa mchanganyiko wake kidogo, kitu fulani ndani ya gari kinaumia. Hata wekundu wenyewe ni rangi iliyotiwa ili mtu akiona tone sakafuni ajue linavuja kutoka giaboksi, wala si kutoka injini.

Adui mkubwa wa oili hii ni joto. Giaboksi yenye afya hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Kuna kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana kwenye biashara hii: kila joto linapopanda nyuzi 11 juu ya hapo, maisha ya oili hupungua kwa nusu. Sasa fikiria pikapu imebeba tani moja ya mahindi, iko nyuma ya foleni ya malori kwenye mlima Kitonga, mwendo kilomita 15 kwa saa, jua la saa nane mchana. Pangaboi la upande wa injini linazunguka haraka, la upande wa giaboksi linazunguka polepole, na tofauti yote hiyo inageuka kuwa joto ndani ya oili. Upepo wa kupooza rejeta haupo kwa sababu gari halina mwendo. Dereva amebaki kwenye D, na giaboksi inahangaika kati ya gia mbili. Kupanda mlima namna hiyo mara moja hakuiui oili. Kupanda kila wiki kwa miaka minane kunaiua, na inakufa bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi. (Kama njia yako ni hiyo, shusha gia kwa mkono kabla ya kuanza kupanda. Injini itanguruma zaidi, lakini konvata itapunguza kuteleza na oili itakushukuru.)

Hapa ndipo panapokuja maneno yanayoniudhi kuliko yote katika biashara ya magari: kwamba giaboksi imejazwa oili ya maisha, haihitaji kubadilishwa. Maisha ya nani? Kwa mtu anayenunua gari jipya Yokohama, akaliendesha miaka sita kwenye lami tambarare na kuliuza, ni kweli oili ilidumu maisha yote aliyokuwa nalo. Gari hilohilo likishuka meli Dar es Salaam au Mombasa, maisha yake ya pili, ambayo kwetu ndiyo marefu zaidi, yanaanza na oili ya maisha ya kwanza. Na Toyota wenyewe hawasemi kila gari lisiguswe. Ratiba zao za Marekani, kwa mfano, zinawataka wanaovuta trela au kubeba mizigo mizito wabadilishe oili ya giaboksi kila maili 60,000, karibu kilomita 96,500. Soma masharti yanayoitwa matumizi magumu kwenye kitabu chochote cha gari: mzigo mzito, vumbi, joto kali, foleni, kuvuta. Hiyo ndiyo kazi ya kawaida ya pikapu hapa kwetu.

Basi kwa nini giaboksi alizoziona yule fundi zilikufa baada ya oili mpya?

Sababu ya kwanza ni wakati. Watu wengi hawabadilishi oili ya giaboksi gari likiwa zima. Wanaibadilisha gari likianza kuchelewa kushika gia ya nyuma asubuhi, au resi inapopanda huku gari halisogei ipasavyo. Wakati huo karatasi za klachi zimeshalika. Oili ya zamani imejaa unga wa karatasi hizo, na unga huo ulikuwa ukisaidia klachi zilizokwisha zishike kidogo. Ukiumwaga, klachi zinabaki na hali yao halisi. Giaboksi hiyo ingekufa tu, kwa oili mpya au ya zamani. Oili mpya ilifika msibani, ikasingiziwa mauaji.

Sababu ya pili ni nzito zaidi kwa kuwa inatengenezwa na mikono ya watu. Baadhi ya karakana zina mashine inayounganishwa kwenye mipira ya kula na kusukuma oili mpya kwa presha hadi ya zamani yote itoke, wakati mwingine pamoja na dawa ya kusafishia. Kwenye gari lililohudumiwa vizuri tangu likiwa jipya, mashine hiyo haina ubaya mkubwa. Kwenye gari lenye kilomita 280,000 za oili moja, ndani kuna tope na utando ulioganda kwenye kuta na kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi. Ukiung'oa wote kwa mpigo mmoja, unakwenda kukwama kwenye vijia vya valvu ambavyo upana wake ni wa milimita chache. Gari linatoka gereji likirusha gia kwa mshtuko, au linakosa gia ya tatu kabisa. Hapa fundi wetu wa mwanzo yuko sahihi, isipokuwa kosa ni la presha na dawa, na oili yenyewe haina hatia.

Ya tatu ni oili isiyofaa au kipimo kibaya, na nitaifikia.

Kwa hiyo kabla ya kufungua boliti yoyote, lipime gari. Liwashe asubuhi likiwa baridi, weka R, hesabu. Likishika ndani ya sekunde moja au mbili, vizuri. Liendeshe mpaka lipate joto, upande mlima mdogo, usikilize. Mtetemo mfupi kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80, kama unapita juu ya kokoto, mara nyingi unatoka kwenye klachi ya kufungia konvata, na huo ni ugonjwa ambao oili mpya huuponya mara nyingi. Gia zinazochelewa kidogo au kuingia kwa mshtuko mdogo bado zina matumaini. Lakini resi zikipanda kwenye gia ya tatu au ya nne huku mwendo haubadiliki, klachi zinateleza, na pesa ya oili afadhali uiweke kwenye akiba ya matengenezo makubwa.

Kisha itazame oili. Hilux za zamani zenye gia nne zina kijiti cha kupimia. Toa tone, lidondoshe kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu iliyofifia au ya kahawia isiyo na harufu kali imechoka tu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua imepikwa. Ya waridi iliyochanganyika na weupe ina maji ndani, na hapo simamisha kila kitu.

Hilo la maji lina hadithi yake. Magari mengi hupoozea oili ya giaboksi ndani ya rejeta, ukuta mwembamba ukitenganisha oili na maji. Ukuta huo ukitoboka, maji huingia kwenye giaboksi, yanalegeza gundi ya karatasi za klachi, na giaboksi inakufa ndani ya siku chache. Marekani wamiliki wa Nissan Frontier, Xterra na Pathfinder za 2005 hadi 2010 walifikishana mahakamani na kampuni kwa tatizo hili hasa. Kwetu tunajiongezea hatari kwa mikono yetu tunapojaza rejeta maji ya bomba badala ya kulenti, kwa sababu maji hayo huleta kutu. Mwenye pikapu ya otomatiki anayeweka maji ya bomba anaokoa shilingi elfu chache na kuhatarisha milioni kadhaa.

Gari likipita mtihani, kazi yenyewe ni ya nusu siku, na inahitaji utulivu kuliko nguvu. Paki mahali tambarare, inua kwa jeki na uliweke juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Oili iwe ya uvuguvugu, si ya moto. Kisha sheria ambayo fundi mzuri haivunji: fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ufungue ya kumwagia. Nati ya kujazia iliyokaa miaka 15 inaweza kugoma au kuliwa pembe. Ukigundua hilo baada ya kumwaga oili yote, una gari lisiloweza kutembea na tundu lisilofunguka.

Pokea oili yote kwenye beseni safi na uipime kwa lita. Kipimo hicho ndicho kipimo chako cha kurudishia. Shusha sampu taratibu. Ndani kuna sumaku ndogo, na kwangu mimi hiki ndicho kitabu cha maisha ya giaboksi. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni la kawaida baada ya kilomita nyingi. Vipande vyenye ncha, chenga za njano zinazotoka kwenye bushi, au mabaka meusi ya karatasi vinasema ndani kunaliwa. Ukiviona, piga picha, funga, na zungumza na mwenye gari kabla ya kuendelea. Ana haki ya kujua kwamba kilichobaki ni kuchelewesha. Ikiwa ni tope tu, safisha sumaku kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, badilisha filta na gasketi, na urudishe sampu kwa kukaza boliti kidogokidogo, kwa kukatisha pembe. Boliti hizo ni ndogo, na uzi wa alumini hukatika kwa urahisi.

Hapa wengi hushangaa. Giaboksi ya gia tano iliyomo kwenye Hilux ya dizeli lita 3.0 kuanzia 2011 hubeba karibu lita 10 kwa jumla, lakini ukimwaga kwa nati utapata lita 3 hivi. Zilizobaki zimejificha ndani ya konvata na kwenye mipira ya kula. Mtu akikuambia amebadilisha oili yote kwa lita nne, amebadilisha chini ya nusu. Kwa gari kuukuu, hilo ni jambo jema. Ukimwaga tatu kwa kumi, oili mpya ni asilimia 30. Endesha kilomita elfu moja hivi, rudia, inafika 51. Mara ya tatu inafika 66, ya nne 76. Tope linalainika na kutoka polepole, klachi zinazoea mshiko mpya, na hakuna kinachong'oka kwa mpigo. Filta ibadilishwe mara ya kwanza. Zinazofuata ni kumwaga na kujaza tu. Gharama inaongezeka, nakubali, lakini ndiyo njia ninayoiamini kwa kila giaboksi yenye umri.

Kipimo cha mwisho hakifanywi kwa macho. Kwenye zile zenye kijiti, injini iwe inawaka, gari liwe limepata joto na umepitisha gia zote kutoka P hadi L na kurudi. Hizo za gia tano, na za gia sita zilizotoka kuanzia 2015, hazina kijiti kabisa: kuna nati ya kupimia chini, na oili inapaswa kuchuruzika kidogo pale injini ikiwa inawaka na oili iko kwenye joto alilolitaja mtengenezaji. Hapo unahitaji kompyuta ya kusoma joto. Fundi asiye nayo anabahatisha, na upungufu wa lita moja tu unatosha kufanya pampu ivute hewa.

Na oili gani? Ile tu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hilux hizi mpya zinataka Toyota WS, ambayo ni nyepesi kuliko Dexron III. Ford Ranger ya gia sita iliyotoka kuanzia 2012 inataka Mercon LV. Mitsubishi nyingi za zamani zinataka SP-III. Neno "haidroliki" dukani halitoshi, maana muuzaji atakupa ileile ya steringi. Ujue pia kwamba General Motors waliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo kopo lenye jina hilo leo linategemea uaminifu wa aliyelijaza. Ukienda Kariakoo au Kirinyaga Road, nunua kwenye duka linalotoa risiti yenye jina lake, kagua muhuri wa kifuniko, na ukimaliza kazi toboa kopo kabla ya kulitupa ili lisijazwe tena na kuuzwa kwa mwingine. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Ihifadhi kwenye galoni na uipeleke kwa wanaokusanya.

Wenye pikapu za manyuo, ambao bado ni wengi, kazi yenu ni nyepesi. Hakuna filta, hakuna konvata. Nyingi za Toyota hutaka 75W-90 ya daraja la GL-4, na hujazwa mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia. Msikubali GL-5 kwa kuambiwa ni bora kwa sababu namba ni kubwa: imetengenezwa kwa ajili ya difu, na viungo vyake vya salfa vinaweza kuzila pete za shaba ya njano zinazolainisha uingiaji wa gia. Gia ya pili inayogoma asubuhi mara nyingi inaomba oili tu.

Ukimaliza, andika tarehe, kilomita, aina ya oili na idadi ya lita ulizoweka, ubandike ndani ya boneti. Kwa mzigo na barabara zetu, rudia kila kilomita 60,000. Na yule fundi anayekataza, usimdharau wala usimkimbie: mwombe ashushe sampu, mtazame sumaku pamoja, ndipo muamue.